Tramu ikipita Mkuyuni alipe nani: mwenye nyumba, mpangaji au sote?

MwanaIgogo (mwenye mada):

Wadau, mwadila. Juzi jioni tulikwama Mkuyuni, hapa kwetu Mwanza, karibu saa nzima. Lori la mawe lilikatika ekseli katikati ya Kenyatta Road, na barabara ile mnaijua: huku mlima, huku reli na ziwa, pa kuchepukia hakuna. Ndani ya Hiace tumebanana, konda kainama juu yetu kama mwembe uliozidiwa na maembe, ndipo abiria mmoja akasema dawa ya mji huu ni tramu. Maana yake ile treni fupi ya umeme inayopita juu ya reli zilizolazwa barabarani na kusimama vituoni kama daladala. Tukacheka. Yeye hakucheka.

Akatusimulia habari za Kansas City, Marekani. Mwaka 2012 wakazi wa katikati ya mji ule walipiga kura wajitoze wenyewe. Ulichorwa mpaka kuizunguka njia ya tramu. Kila jengo lililoangukia ndani ya mpaka likabebeshwa kodi ya nyongeza, na kila kinachouzwa humo kikaongezwa asilimia 1. Mapato hayo yakawa dhamana ya mkopo, serikali yao kuu ikatia ruzuku, na Mei 2016 tramu ikaanza kutembea. Kilomita tatu na nusu hivi, gharama dola milioni 102, kupanda ni bure. Oktoba 2025 wakairefusha.

Sasa tusigombane bure: sisemi kuna mradi wa tramu Mwanza. Nauliza kanuni. Tuchukulie njia moja tu, stendi ya Nyegezi hadi mjini kupitia Butimba, Mkuyuni na Igogo. Je, ni haki walio kando ya njia ndio waibebe, kwa kuwa mali zao ndizo zitakazopanda bei? Mimi nasema ndiyo, walipe. Nyumba yetu ya urithi iko Igogo, kwa hiyo najitia kitanzi mwenyewe.

Konda_Mstaafu:

Mkuu, umeanza kwa kulalamikia konda, kwa hiyo nakujibu kama konda. Miaka kumi na moja nimening'inia mlangoni njia hiyohiyo. Unajua nani anajaza gari? Si mtu wa Mkuyuni. Mtu wa Mkuyuni akichoka kusubiri anatembea mpaka mjini, au anapanda boda. Anayejaza gari ni wa Buhongwa, wa Usagara, wa Misungwi anayeleta nyanya. Saa kumi na mbili asubuhi gari likitoka Buhongwa limeshajaa, tukifika Mkuyuni hatusimami, tunawapungia tu mkono.

Kwa hiyo tramu yako anayeipanda anaishi nje ya mpaka wako, na anayelipia anaishi ndani, na kupanda ni bure! Mwenye nyumba wa Mkuyuni anapata nini? Vumbi la ujenzi, kelele, duka lake kufungiwa mlango na kifusi. Nenda kawaulize waliokuwa na maduka Morogoro Road pale Dar wakati njia ya mabasi ya mwendokasi inajengwa, kabla haijaanza kazi mwaka 2016.

Anayepanda ndiye alipe nauli. Biashara imekwisha.

MpangajiMilele:

Mnabishana juu ya mwenye nyumba kana kwamba ndiye anayelipa. Njooni niwaonyeshe.

Naishi nyumba ya vyumba sita hapa Mkuyuni, mita ya LUKU moja. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa humohumo kwenye umeme, 1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa. Mnajua kinachotokea kwetu? Kuanzia tarehe 29 hakuna anayenunua. Tunategeana. Kila mtu anapita koridoni anachungulia ile mita, zimebaki yuniti mbili, zimebaki yuniti moja, anarudi chumbani kimya na kufunga mlango taratibu. Mwezi uliopita tulikaa gizani usiku wa tarehe mosi na wa tarehe pili, watu wazima wenye kazi zao, kwa ajili ya shilingi 1,500. Mwisho akanunua binti wa chumba cha nne kwa sababu ana mtoto mchanga.

Kisheria deni ni la mwenye nyumba, na mpangaji akikatwa anatakiwa kurudishiwa kwenye pango. Mwenye nyumba wetu anaishi Geita. Nilimpigia kumkumbusha. Akaniuliza kama nimechoka kukaa kwake.

Kwa hiyo ndugu yangu MwanaIgogo, ukitangaza kodi ya tramu kwa walio kando ya njia, mimi nitailipa kwenye LUKU, na thamani ya kiwanja ikipanda nitailipa tena kwenye pango. Yeye Geita atauza kwa bei nzuri.

JiweJuuYaJiwe:

Nacheka, lakini kwa uchungu. Kuna jambo moja walioichora Kansas City hawakuwa nalo: mawe.

Mimi naishi Igogo juu, nadhani MwanaIgogo ni jirani yangu wa chini. Kutoka mlangoni kwangu hadi lami, ukipima kwa rula juu ya ramani, ni kama mita 300. Ningekuwa ndani ya mpaka wako kabisa. Ila rula haioni kwamba kati yangu na lami kuna majabali. Nimewahi kuhesabu ngazi: 214, nyingine tumezichonga wenyewe, nyingine ni gunia la mchanga tu. Mke wangu alipojifungua tulimshusha kwa kiti cha plastiki, wanaume wanne, mmoja anatangulia na tochi ya simu. Maji tunapandishiwa kwa ndoo kwa hela.

Tramu ikipita chini pale, kiwanja changu kitapanda bei? Nani atanunua jiwe? Wanaopanda bei ni wale wa ukanda wa chini, wenye fremu za maduka. Mji huu umekaa kama kiganja chenye vidole vitatu: Kenyatta kwenda Nyegezi, Nyerere kwenda Igoma, Makongoro kwenda uwanja wa ndege. Kati ya vidole ni milima yenye watu kibao wasio na hati, wenye leseni ya makazi au hawana kitu. Ukichora mpaka kwa umbali wa mita, umetubeba na sisi. Chora kwa ngazi basi.

Mthamini_wa_Mtaa:

Habari za jioni wadau. Kazi yangu ni kuthamini mali, kwa hiyo nitaleta hesabu, mnivumilie.

Kwanza kodi yetu ya majengo haijui thamani. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 18,000 kwa mwaka, na ghorofa mijini ni 90,000 kwa kila sakafu. Kabla ya hapo ilikuwa 12,000 na 60,000. Nyumba ya milioni 30 kule mlimani na nyumba ya milioni 300 Capri Point, zote zikiwa za chini, zinalipa sawa. Kwa hiyo hata tramu ikipandisha bei ya mtaa mara tatu, kodi itabaki 18,000 ileile. Kinachofanya mpango wa Kansas City uzunguke ni kwamba kodi yao inafuata thamani: thamani ikipanda, mapato yanapanda, deni linalipika. Sisi tulikata mguu huo tulipohamia kiwango kimoja kwa wote. Ninaelewa sababu, kuthamini mji mzima ni kazi na wengi walikuwa hawalipi kabisa, LUKU imewafikia. Lakini chombo hiki hakipimi kitu.

Pili, ukubwa wa mzigo. Tuache Marekani, twende jirani. Addis Ababa walijenga treni ya mjini ya kilomita 34 hivi, ikaanza Septemba 2015, dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa China. Hiyo ni kama dola milioni 14 kwa kilomita. Njia ya MwanaIgogo tuipe kilomita 10: dola milioni 140. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, bilioni 350.

Sasa tuseme ndani ya mpaka kuna nyumba 10,000. Nimekisia kwa ukarimu. Mara 18,000 ni milioni 180 kwa mwaka. Gawanyeni. Ni miaka 1,944. Ili tuwe tumemaliza leo ingebidi tuanze kulipa enzi za mitume, tena bila riba.

Mtasema tupandishe kiwango kiwe kama chao. Sawa. Mpango wa Kansas City ulipotangazwa, nyumba ya dola 200,000 ilihesabiwa kulipa dola 266 kwa mwaka. Ni kama shilingi 133 kwa kila 100,000 ya thamani. Nyumba ya milioni 60 pale Mkuyuni ingelipa karibu 80,000 kwa mwaka badala ya 18,000. Nyumba zote 10,000 zikiwa hivyo, milioni 800. Bado ni miaka zaidi ya 430.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni haki, tuulize kama inatosha. Haitoshi hata kununua reli. Na Addis yenyewe, yenye mkopo, miaka michache baadaye treni nyingi zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Kujenga ni siku moja. Kuendesha ni kila siku.

Konda_Mstaafu:

Mthamini umemaliza mjadala. Mada ifungwe, turudi kwenye Hiace.

DadaWaBuhongwa:

Haifungwi, kaka Konda. Wewe unataka Hiace kwa sababu ndiyo shamba lako, sikulaumu.

Mimi ndiye yule uliyemtaja, wa Buhongwa anayejaza gari. Naamka saa kumi na nusu ili niwe mjini saa moja. Nauza dagaa na sato wa kukaanga, na ndoo yangu inalipiwa kama abiria. Kwa hiyo msiniambie habari ya nani anafaidi, naijua. Nikiwekewa kitu kinachofika kwa wakati nitakilipia, na sitaki cha bure.

Lakini hoja ya Mthamini inabomoa kitu ambacho hakuna aliyesema. Wenye nyumba hawalipii reli yote popote nilipopasikia. Portland, Marekani, waliofungua tramu yao mwaka 2001, wenye majengo ya kando ya njia walichangia sehemu, fungu kubwa zaidi likatoka kwenye mkopo unaolipwa na ada za maegesho ya magari. London, ile reli kubwa ya chini ya ardhi walianza kuichangishia Aprili 2010, wakatoza majengo ya biashara tu, peni 2 kwa kila pauni ya pango la mwaka linalokadiriwa kwa jengo, na biashara ndogo chini ya pauni 55,000 hawakuguswa. Yaani mama lishe wa London hakulipa. Aliyelipa ni kampuni iliyokaa kwenye jengo la maofisi.

Hapo ndipo pa kwangu. Mnazungumza nyumba, nyumba, nyumba. Mimi nataka kusikia fremu, maghala, vituo vya mafuta, hoteli. Ukitembea kutoka Igogo hadi mjini, nani amekaa mbele barabarani?

MwanaIgogo:

Dada, asante. Mthamini pia, ingawa umenivua nguo hadharani. Nakubali: kwa kodi ya LUKU hakuna tramu, na kwa rula ya mita tutamwonea mtu wa ngazi 214. Jirani, nitakutafuta.

Lakini sijaacha kanuni yangu, na nawaeleza ilikotoka. Marehemu baba yetu mdogo alikuwa na kiwanja Nyegezi, karibu na ilipojengwa stendi mpya. Kabla ya ujenzi aliwahi kukiweka sokoni akakosa mteja, dalali akamwambia mzee hapa panafaa mihogo tu. Stendi ilipoanza kuinuka, dalali yuleyule alikuja mara tatu kwa wiki moja, mara ya tatu na soda. Kiwanja kikauzwa mara nne ya bei ya kwanza. Baba mdogo hakuweka hata tofali pale. Ile bei iliongezwa na fedha ya umma, ya kwako wewe wa Buhongwa na ya mpangaji wa Mkuyuni, ikaingia mfukoni kwa ukoo wetu. Nilikula pilau ya fedha ile, siongei kwa wivu.

Ninachotaka ni kipande cha nyongeza ile kirudi. Na njia ipo tayari: ukiuza ardhi unalipa asilimia 10 ya faida kwa TRA. Inakusanywa, inakwenda serikali kuu, haikumbuki ilitoka mtaa gani. Sheria ikisema ya ukanda wa njia, kuanzia siku mradi unapotangazwa, sehemu yake ibaki kwenye mfuko wa usafiri wa jiji, bibi wa Igogo asiyeuza halipi kitu, na anayevuna ndiye anayelipa. Juu yake weka tozo ya majengo ya biashara kama ya London. LUKU iachwe kama ilivyo.

Mthamini_wa_Mtaa:

Hapo unanipata nusu. Tatizo ni lile unalolijua na wewe: mikataba miwili. Kuna mkataba wa kupeleka TRA na kuna mkataba wa wenyewe. Kiwanja kinauzwa milioni 40, karatasi inaandikwa 14. Viwanja visivyo na hati ndiyo kabisa, vinauzwa kwa mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Ukiongeza tozo juu ya mauzo bila kwanza kuwa na daftari la bei linaloaminika, unaongeza uongo tu. Kwa hiyo ningesema mthamini kabla ya reli. Ukanda mmoja, kiwanja kwa kiwanja, bei ya leo iandikwe na ibandikwe ukutani mtaani kila mtu aione. Ni kazi ya miezi, haihitaji mkopo wa nje.

Na hata hapo msitegemee ijenge. Tegemeeni ilipe umeme, madereva na vipuri. Addis wangekuwa na mfuko wa namna hiyo, pengine treni zingekuwa barabarani.

JiweJuuYaJiwe:

Kura je? Naona wote mmeiruka. Kule Kansas City walipiga kura wanaoishi ndani ya mpaka. Mwenye jengo anayeishi nje ya mpaka alilipa bila kura. Na waliopiga walikuwa mamia tu, kwenye mji wa watu karibu nusu milioni. Mwaka 2014 walipotaka kupanua mpaka uingie vitongoji vingine, watu walikataa, ikabidi kusubiri.

Kwetu itakuwaje? Mkutano wa mtaa? Ule wa kwangu wa mwisho tulikuwa watu 23 na mbwa. Na akipiga kura anayeishi, basi MpangajiMilele ana kura na yule wa Geita hana. Hilo peke yake lingenifanya niiunge mkono tramu.

MpangajiMilele:

Ningepiga HAPANA, na ninawaambia kwa nini. Jana nilimtumia mwenye nyumba ujumbe wa utani, nikamwambia huku tunajadili tramu. Nilitaka kuona atasema nini. Alijibu ndani ya dakika mbili, mtu ambaye choo kikiziba anajibu baada ya wiki. Aliuliza: "Itapita upande gani wa barabara?"

Kwa hiyo MwanaIgogo, ukiandika mpango wako wa mauzo, tozo ya biashara, daftari la bei ukutani, weka na kifungu kimoja: kwa miaka kadhaa tangu mradi utangazwe, pango la chumba ndani ya mpaka lisipande zaidi ya kiwango kilichowekwa. Ukikiweka, nitapiga NDIYO na nitamleta binti wa chumba cha nne.

MwanaIgogo:

Nitakiweka. Sijui kitasimamiwaje, nyumba nyingi hazina hata mkataba wa pango wa maandishi.

DadaWaBuhongwa:

Tuanzie kwenye kitu kidogo basi. Njia moja ya mabasi tu, yenye alama yake barabarani, asubuhi kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu. Rangi ya barabarani bei gani, Mthamini?

Konda_Mstaafu:

Hiace zinaruhusiwa kwenye hiyo njia, au ni za wakubwa tu?